Mjomba Ansgar na Vita vya Ghuba ya Ukungu

Mjomba wangu Ansgar Brattrein hakuwachukia watu. Aliwachoka tu, tena mapema, kabla hajaanza kunyoa ndevu. Nyumba yao pale kwetu Sandvær, pwani ya kaskazini ya Norwei, ilikuwa ndogo na watoto walikuwa wengi, na yeye alilala katikati ya kitanda, kiwiko cha kaka mmoja mbavuni, nyayo za mwingine shingoni. Mama yangu Petrikke, dada yake aliyemfuata, husema neno la kwanza Ansgar kulitamka vizuri lilikuwa "sogea".

Alipopata nguvu za kuvuta makasia aliingia kwenye mashua za samaki, lakini mashua nayo ni nyumba ndogo yenye watu wengi. Kisha akasikia kwamba huko visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa, mtu anaweza kutega mbweha majira yote ya baridi bila yeyote kumuuliza ameamkaje. Akaenda. Mwenzake wa kwanza alikuwa na tabia ya kupiga mluzi. Majira yalipoisha wakaachana kwa amani, na toka hapo mjomba akaishi peke yake katika Ghuba ya Ukungu, yeye na mbwa wake Skarp, katika kibanda alichokijenga kwa magogo yaliyoletwa na bahari. Kila baada ya miaka miwili alishuka mjini Tromsø kuuza ngozi na manyoya laini ya bata wa baharini, akapitia kwetu, akala viazi na samaki, akakaa siku chache kama mtu aliyeketi juu ya sindano, kisha akarudi zake.

Vita vilipokuja na Wajerumani wakaikalia Norwei, meli za Waingereza zilipanda Svalbard kuwaondoa wakazi wote, wasije wakawafaa maadui. Mashua moja ilitumwa hadi Ghuba ya Ukungu. Afisa akasimama ufukweni akapiga filimbi, akaita kwa sauti, akafyatua bunduki hewani. Mjomba alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jabali, mkono mmoja umeufumba mdomo wa Skarp. Afisa alichoka, akaondoka. Meli zikaondoka. Kwa kadiri mjomba alivyojua, visiwa vyote vile vikabaki vyake.

"Nikafikiri," alimwambia mama baadaye, "kumbe vita si kitu kibaya hivyo."

Mwaka uliofuata ulikuwa mtamu kuliko yote aliyoishi. Baada ya hapo wakaja wageni.

Hali ya hewa ya Ulaya hupikwa kule juu kwanza, ndipo ipakuliwe huku chini. Anayechungulia chunguni mapema anajua siku ya kurusha ndege na siku ya kupeleka meli. Kwa hiyo Wajerumani walitaka mtu wao akae jikoni, na katika Ghuba ya Ukungu sehemu iliyo tambarare ni moja tu, ile iliyo mbele ya mlango wa mjomba. Siku moja ya vuli alirudi kutoka kuwinda sili akakuta meli inaondoka, na nyuma yake imeacha marundo ya mbao, mapipa, mlingoti, na wanaume kadhaa wanaopigilia misumari.

Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, Daktari Ewald Lüdeke. Hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa msomi wa mawingu. Kabla ya vita aliwahi kusoma Norwei, na lugha yetu aliisema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Bwana," alisema, "inanilazimu kukuarifu kwamba kuanzia sasa wewe ni mfungwa wetu."

"Mtanifungia wapi?"

Daktari akatazama huku na huku. Mbele bahari, nyuma mlima, juu yake barafu isiyo na mwisho.

"Hapa hapa," akasema.

"Basi hakuna kilichobadilika. Ila mlingoti wenu mmeuchimbia ninapoanika ngozi."

Waliuhamisha ule mlingoti. Hiyo ndiyo iliyokuwa ardhi ya kwanza na ya mwisho ambayo mjomba wangu aliikomboa kwa maneno.

Wa kwanza kusaliti nchi alikuwa Skarp. Wajerumani walikuwa na soseji, na mbwa yule hakuwahi kusikia habari za uzalendo. Mbweha nao walikimbia, kwa sababu jenereta ilinguruma mchana kutwa, na kila siku puto kubwa lilirushwa angani likiwa limening'iniza vifaa vya kupimia. Halafu kulikuwa na santuri. Walikuja na sahani mbili tu: moja ya askari wanaotembea, nyingine ya mwanamke anayemlilia mtu aliyesafiri. Mjomba hakujua neno la Kijerumani, lakini kufikia mwaka mpya aliweza kuimba zote mbili, jambo lililomtia uchungu sana.

Kilichomsumbua zaidi ni Daktari mwenyewe. Kila siku baada ya kurusha puto alibisha hodi, akaketi karibu na jiko, akazungumza. Alizungumza habari za mawingu, habari za mkewe aliyemwacha Lübeck, habari za mwanawe aliyeogopa radi.

"Unataka nini kwangu, Daktari?" mjomba alimuuliza siku moja.

"Kufanya mazoezi ya lugha."

"Nitakufundisha neno zuri. 'Kwaheri'."

"Hilo nalijua," alisema Daktari, akajimiminia kahawa nyingine.

Majira ya kuchipua yalipofika mjomba alishindwa kuvumilia. Alimwambia Daktari anakwenda kukagua mitego ya mbali, akafunga mbao zake za kutelezea kwenye theluji, akavuka barafu kuu kuelekea kusini. Alikuwa ameona moshi huko alipokuwa mlimani, na moshi ule ulikuwa wa Wanorwei: kikosi kilichotumwa kutoka Uingereza kuilinda Svalbard. Aliwafikia akiwa na barafu ndevuni, ana njaa na hasira. Luteni wao, kijana wa Bergen aitwaye Oddmund Krane, alimkalisha na kumpa supu.

"Kuna Wajerumani kwangu," mjomba alisema.

Luteni alisimama wima. "Wajerumani! Wanafanya nini?"

"Kelele."

"Nauliza wana silaha gani, mzee."

"Bunduki. Na santuri."

Luteni alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umetenda tendo kubwa kwa nchi yako."

"Mimi nataka waondoke tu. Mkishawaondoa, na nyinyi mtaondoka?"

"Bila shaka," alisema Luteni, kwa wepesi wa mtu asiyeulizwa mambo kama hayo na wakubwa wake.

Wakaenda. Lakini mlinzi wa Kijerumani aliwaona mapema wakiteremka barafuni kama sisimizi kwenye kitambaa cheupe, na Wajerumani wakaita ndege yao kwa simu ya upepo. Ndege ilitua juu ya barafu ya ghuba, ikawazoa, ikapaa. Wanorwei walifika wanakimbia, wakafyatua risasi nyingi sana, wakaliua pipa moja la mafuta. Ndani ya kituo walikuta supu ya dengu ingali ya moto mezani. Wakainywa, wakapandisha bendera, na vita vya Ghuba ya Ukungu vikawa vimekwisha kwa ushindi.

Mjomba alisubiri waage. Badala yake amri ilikuja kwa simu ya upepo: kaeni hapo hapo, tumieni vyombo vya adui, mtuletee hali ya hewa. Jenereta ikawashwa tena. Santuri ilipatikana kabatini, na kwa kuwa wimbo wa askari ulikuwa wa adui, wakapiga ule wa mwanamke tu, mara mbili zaidi.

Na hawa walikuwa wabaya kuliko wale, kwa sababu walikuwa wenzake. Mpishi wao, Jentoft, alikuwa mtu wa Sandvær.

"Ansgar! Si wewe ndugu yake Petrikke? Mbona huulizi habari za nyumbani?"

"Sijauliza."

"Petrikke kaolewa! Kaolewa na Hilmar, yule mwenye meno. Wanakaa kwenye nyumba yenu. Kakako Edvin kagombana na mchungaji wa kanisa. Na yule ng'ombe wenu mwekundu..."

"Jentoft," mjomba alimkatiza, "Wajerumani waliniteka miezi sita, na hakuna hata mmoja aliyenitajia Hilmar."

Akafunga mizigo yake akaenda kwenye kibanda chake cha pili, kile kidogo cha mitego kilichokuwa ng'ambo ya mlima, mwisho wa ghuba. Alifungua mlango akijua atapata ukimya. Juu ya kitanda alikuwa ameketi Daktari Lüdeke, viatu miguuni, midomo ya buluu.

Siku ya shambulio Daktari alikuwa amepanda juu ya barafu kusoma kipimajoto chake. Aliposhuka alikuta ndege yake iko angani, na bendera ngeni mlingotini.

"Wameniacha," alisema.

"Wameiacha na supu," alijibu mjomba, akaanza kumvua viatu.

Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Mtu mwenye akili timamu angemburuta Mjerumani huyo kwenye sleji ya kutelezea theluji hadi kwa Luteni, akapokea shukrani, akaenda kulala. Mjomba hakufanya hivyo, na kila alipoulizwa kwa nini, hadi anaingia kaburini, alijibu neno moja: "Kule walikuwa wengi tayari. Ningewaongezea mwingine?"

Alivikata vile vidole kwa kisu cha kuchunia mbweha. Hakukuwa na dawa ya ganzi, hata pombe hakuwa nayo. Daktari aling'ata kamba. Na hapo mjomba wangu, ambaye hakuwahi kusema sentensi tatu zinazofuatana, alianza kuzungumza ili mgonjwa asikilize kitu kingine kisichokuwa mguu wake. Alimsimulia kitanda cha utotoni na viwiko vyake. Alimsimulia babu yangu, yaani baba yake, jinsi mashua yake ilivyorudi ufukweni imepinduka, na jinsi watoto walivyosogeleana kitandani siku ile bila yeyote kusema "sogea". Alisema asubuhi nzima. Alipomaliza kufunga mguu alikuwa amekauka koo, akatoka nje kula theluji.

"Kanisikiliza vizuri," alimwambia mama. "Lakini hakuwa na pa kwenda."

Basi wakaishi. Mjomba alikuwa akienda kituoni kuchukua unga na sukari, akavumilia habari za Hilmar, akarudi. Wanorwei waliamini kwamba mzee anapenda upweke, wakamheshimu kwa hilo. Daktari naye alijifunza kunyamaza. Kwanza kwa sababu ya maumivu, kisha kwa sababu aliona kwamba mwenyeji wake hurudi mapema zaidi akiachwa na ukimya wake. Siku nyingine walikaa mlangoni wanatengeneza nyavu, jua linazunguka juu yao bila kutua, hakuna anayesema lolote. Lugha ya Daktari ikakua hivyo hivyo, neno hapa, neno pale, yote kutoka kinywa kimoja.

Kiangazi kile ukungu ulilala ghubani wiki baada ya wiki. Kituo kilikuwa kinawatumia Waingereza habari ile ile kila siku: ukungu. Jioni moja Daktari alichechemea hadi nje, akatazama mlima kwa muda mrefu, akanusa upepo unaoteremka kutoka barafuni. Aliporudi ndani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kesho usiende kule," alisema.

"Kwa nini? Sukari imeisha."

"Kutakuwa na jua."

Mjomba alimtazama. Daktari akaondoa miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

"Sijasema kitu, Ansgar. Mimi ni askari, na siwezi kusema kitu. Nimesema tu kwamba kesho kutakuwa na jua, na rubani yeyote aliyekuwa analingoja ataliona."

Mjomba alichukua fimbo yake, akavuka mlima wakati ule ule. Alimkuta Luteni ananyoa ndevu.

"Luteni, kesho peleka watu wako mlimani. Wote."

"Kuna nini?"

"Jua."

Luteni akacheka, povu likamwingia mdomoni. "Mzee, tangu kiangazi kianze tunaliomba jua. Likija unataka tulikimbie?"

"Ndiyo. Na jiko msiache limewaka."

"Umejuaje?"

Mjomba hakuwa mwongo mzuri, kwa kuwa uongo unataka mazoezi na mazoezi yanataka watu. "Miaka mingi huku," alisema, akatazama ukutani.

Jentoft ndiye aliyeokoa mambo. "Luteni, watu wa ukoo ule hawasemi ovyo," alisema. "Huyu amesema leo kuliko mwaka mzima. Mimi napanda mlima." Wengine wakaona haya kubaki nyuma ya mpishi.

Kesho yake ukungu uliinuka kama pazia, na ndege za Kijerumani zikaja. Zilikipiga mabomu kituo kilichojengwa kwa mbao za Kijerumani na vyombo vya Kijerumani, na zilikipiga vizuri sana, halikusalia hata bati. Bomu moja la ziada liliangukia kibanda cha mjomba, kile cha kwanza kando ya kituo. Juu mlimani watu wote walikuwa wazima, wamekaa kwenye mawe wakiwa na mifuko ya biskuti, Skarp katikati yao. Luteni alimgeukia mjomba kama mtu aliyemwona nabii.

Meli ilikuja kuwachukua kabla ya vuli. Mjomba hakuwa na nyumba tena, na mguu wa Daktari ulikuwa umeanza kunuka upya. Alimpandisha kwenye sleji, akamvuta juu ya mawe na majani, akamshusha mbele ya Luteni.

"Huyu umemtoa wapi?" aliuliza Luteni.

"Nilimkuta."

"Lini?"

"Si zamani sana."

Luteni aliutazama mguu uliofungwa kwa ustadi, na sweta la sufu lenye mchoro wa Sandvær. Kisha akamuuliza mfungwa jina lake. Daktari alijibu kwa adabu, na Jentoft akaangusha sufuria.

"Mungu wangu! Mjerumani huyu anasema kama watu wa kwetu! Anasema kama nyanya yangu!"

Luteni Krane alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa amepoteza kituo, na ilimpasa apeleke kwa wakubwa habari fulani yenye nuru. "Umemteka," alisema polepole. "Peke yako. Bila silaha."

"Sijam..."

"Umemteka, mzee. Panda meli."

Ndivyo mjomba wangu alivyopata nishani mbili. Ya kwanza ni kwa kumteka adui aliyekuwa amemficha. Ya pili ni kwa kuitabiri hali ya hewa aliyoambiwa na adui huyo. Alivishwa huko Uskoti, ambako alimaliza vita katika bweni la askari, kitanda chake kikiwa katikati. Daktari alipelekwa kambi ya wafungwa, na mjomba akasikia kwamba huko alipewa chumba cha peke yake kwa ajili ya mguu. "Mwenye bahati," alisema.

Amani iliporudi, serikali ilijenga kituo kipya cha hali ya hewa katika Ghuba ya Ukungu, kizuri, cha kudumu, ikamwita mtabiri mashuhuri Brattrein akifanyie kazi. Alipanda meli hadi kule. Ghubani kulikuwa na mlingoti, bwalo la chakula, meza ya kuchezea tenisi, na watu wanane waliojipanga ufukweni kumpigia makofi. Hakushuka. Alirudi na meli ile ile, akajijengea chumba juu ya banda la mashua nyuma ya nyumba yetu. Majirani wakaanza kumjia kuuliza kama kesho watoke baharini. "Tazameni dirishani," aliwajibu, nao wakaondoka wakisema ni mtu mnyenyekevu.

Miaka kumi hivi baada ya vita, kiangazi, Daktari Lüdeke aliteremka kwenye gati la Sandvær na fimbo na sanduku dogo. Mama alimwona kupitia dirisha la jikoni. Mwaka wa mwisho wa vita Wajerumani walichoma mkoa wote wa Finnmark, kaskazini mwa Norwei, walipokuwa wanarudi nyuma, na dada yake baba alikimbia kutoka huko akiwa na mtoto mgongoni na si kitu kingine.

"Kaka," mama alimwambia mjomba, "Mjerumani haingii jikoni mwangu."

"Atakaa nje," alijibu mjomba. "Na mimi nje."

Wakakaa kwenye banda la mashua, wawili hao, bila kusemezana. Mama aliwachungulia kila mara akikasirika zaidi, maana hakuelewa ni watu gani hawa wasiozungumza. Siku ya tatu alivuka ua na birika la kahawa, akaliweka kwa kishindo juu ya pipa.

"Wewe," alimwambia Daktari, "umekula?"

"Nimekula, mama, asante sana," alijibu kwa lafudhi yetu ya Sandvær, na mama, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho, ilibidi aangalie pembeni asicheke.

Baadaye alirudi na vikombe. Akasimama pale, akifuta mikono kwenye aproni.

"Wanasema wewe unajua mawingu. Nyasi zetu za ng'ombe zimekatwa, zimelala shambani. Nizianike leo au ningoje?"

Daktari alitoka nje, akainua uso, akanusa upepo, akatazama milima yote moja baada ya nyingine. "Anika, mama," alisema. "Hakutakuwa na mvua siku mbili."

Tulianika nyasi kwenye nyaya zilizotandwa shambani asubuhi nzima, watu wote wa nyumba. Kabla ya chakula cha mchana mvua ilinyesha kama iliyofunguliwa bomba. Tukakimbia kuzishusha, baba yangu Hilmar akitukana, mama akipiga kelele, "Msomi wa mawingu! Na Ujerumani yote ilimtegemea huyu!" Daktari alichechemea kati ya safu za nyasi, reki mkononi, miwani imejaa maji, akiomba radhi kwa kila aliyempita. Mjomba alimtupia kamba.

"Funga upande ule," alimwambia, na wakaendelea kuvuta turubai pamoja hadi nyasi zilipofunikwa.